Rumaliza: Kutoka Maboma ya Tanganyika Hadi Milango ya Mahakama

Askari na polisi wapitao barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, hulifahamu jiwe la Mugere linalokumbusha kufika kwa Livingstone na Stanley mnamo Novemba 1871. Wageni wale wawili walipita, wakatazama, wakaondoka. Yule aliyekuja baada yao akataka kuumiliki mwambao wote, na ambaye jina lake lilikimbiza wanakijiji kutoka Uzige mpaka Nyanza, hana jiwe lolote. Huyo ni Muhammad bin Khalfan bin Khamis al-Barwani, ambaye wazee wa ziwa hili walimjua kwa jina la Rumaliza, yaani mwenye kumaliza.

Tumeamua kuyasimulia maisha yake katika ukurasa huu kwa sababu maalumu. Tangu Desemba 2007, vijana wetu walipoanza kupelekwa Somalia kulinda amani, askari wengi wamerudi na akiba ambayo baba zao hawakupata kuishika mikononi. Sehemu kubwa ya akiba hiyo imekwenda katika viwanja, nyumba za kupangisha na mashamba ya michikichi, na Rumonge, mji ulio kilomita zipatazo 75 kusini ya Bujumbura, umekuwa miongoni mwa mahali panapotamaniwa. Maswali tunayoulizwa kambini juu ya jambo hili ni mengi, na mengi kati yao yanahusu bei. Ni machache mno yanayohusu hati, mashahidi, na miaka. Habari za Rumaliza zahusu hayo matatu hasa.

Alizaliwa Lindi, pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, karibu na mwaka 1855, katika ukoo wa Barwani ulioanzia Omani. Pwani ile ilikuwa na utaratibu wake wa mali. Shamba la minazi au nyumba ya mawe iliuzwa kwa hati, mbele ya kadhi, na mashahidi wakatajwa kwa majina yao na majina ya baba zao. Kurani yenyewe, katika sura ya pili, yaagiza deni liandikwe na washuhudie watu. Palikuwa pia na bei ya hiyari: mwenye shamba alimwuzia tajiri kwa sharti la kulikomboa baada ya muda, na asipolipa kwa wakati shamba likapotea. Kwa njia hiyo misafara ya bara iligharimiwa. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan aliyefariki mwaka 1891, walikopesha nguo, shanga, bunduki na baruti. Mkopaji alirudi baada ya miaka miwili au mitatu na pembe za ndovu, au hakurudi. Kijana wa Kibarwani alikua akijua kwamba mali ina karatasi, na kwamba karatasi ina tarehe.

Alipoingia bara alikuta bandari ya Ujiji ikiongozwa na Mwinyi Kheri, mtu wa Pwani aliyekaa ziwani kwa miaka mingi, akajenga heshima yake polepole kwa biashara na maelewano na watawala wa mwambao. Mzee huyo alifariki mwaka 1885. Rumaliza hakuwa na subira ya namna ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikwisha kufanya ushirika na Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ambaye dunia nzima yamwita Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote katika njia ya kati na Manyema. Tippu Tip alikuwa na jina, mikopo na ndugu wengi. Rumaliza alikuwa na ujana na ukali. Wakakubaliana kushirikiana katika mali na faida. Tunamwomba msomaji auweke akilini ushirika huo.

Hebu sasa tuutazame mwambao wenyewe wakati ule. Mwaka 1879 mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale waitwao Mapadri Weupe, walifika Rumonge wakaanza kujenga. Hawakukaa miaka miwili. Ulizuka ugomvi kati yao na mtawala wa pale, Bikari, juu ya mtoto waliyekuwa naye misheni na ambaye upande wa pili ulidai kuwa ni wao. Tarehe 4 Mei 1881 wazungu watatu, Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop, wakauawa, na misheni ikafungwa. Sisi hatusemi haya ili kumtetea aliyeua. Twasema ili ieleweke kwamba ardhi ya Rumonge haikuwa pori lisilo na mwenyewe, ambalo mgeni aliweza kusimika nguzo zake na kulala usingizi.

Ardhi ya Burundi ilikuwa na kanuni. Mwami alikuwa msimamizi wa juu wa nchi, watware waligawa kwa niaba yake, na kila ukoo ulikuwa na itongo lake, ambalo mipaka yake ilijulikana kwa mti, kijito au jiwe. Palipokuwa na uuzaji, mgao au ugomvi, bashingantahe waliitwa, wakaona, wakanywa pombe ya ushahidi, na tangu siku hiyo kila mmoja wao alikuwa hati yenye uhai. Mtu aliweza pia kukaa juu ya ardhi ya mwenzake kwa ubugererwa, akilipa kwa kazi na mavuno, bila kupata kuwa mwenye nayo. Yeyote aliyetaka mahali pa kudumu ilimpasa aanze kwa watu hao. Kazi hiyo ilihitaji miezi, pengine miaka, na zawadi, na kukaa barazani akisikiliza.

Rumaliza aliichagua njia iliyoonekana kuwa fupi. Kutoka Ujiji alipeleka majahazi na mitumbwi iliyojaa watu wenye magobore, wakashuka usiku, wakachoma, wakachukua watu na ng'ombe, kisha wakaacha kikosi kidogo ndani ya boma la miti. Biashara yake ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na hapana lugha ya kupamba jambo hilo. Vijiji vya mwambao, vilivyokuwa vikikausha ndagala na kukamua mawese, vilihamia milimani. Alipojaribu kupanda kuingia ndani ya ufalme alikutana na majeshi ya Mwezi Gisabo, akarudishwa. Mashujaa wale wa Burundi walikuwa na mikuki na pinde, lakini waliijua milima, na walikuwa wengi. Katika miaka ya 1880 Rumaliza hakupata kuivunja nguvu ya mwami; alichopata ni ukingo wa maji, na huko Uzige mawakala wake walikaa wakitoza na kununua kwa kutegemea magomvi ya watawala wadogo.

Kwa jicho la askari, boma la namna hiyo ni mali ya gharama kubwa. Lahitaji walinzi mchana na usiku. Walinzi wahitaji chakula, na wanakijiji ambao wangelima chakula hicho wamekimbia. Lahitaji baruti, na baruti yatoka Unguja kwa mkopo, kwa safari ya miezi. Mwenyewe akisafiri, msimamizi wake aweza kupatana na jirani, au kuuza vilivyomo, au kutoroka. Rumaliza alikuwa na maboma hayo pande zote mbili za ziwa, na miaka yake yote ya nguvu aliimaliza katika kuyazunguka. Leo twawajua makoplo wenye kiwanja Rumonge, kingine Gitega, na shamba Makamba, nao wenyewe wako zamu mpakani. Wakisoma mistari hii wataielewa hali ile bila kuelezwa zaidi.

Hata hivyo adui mkubwa wa mali ya Rumaliza hakuwa mlinzi mvivu. Alikuwa karatasi zilizoandikwa mbali. Mkutano wa Berlin ulimalizika Februari 1885. Tarehe 1 Julai mwaka huo Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilitoa amri kwamba ardhi tupu ni ya serikali, na kwamba mapatano juu ya ardhi yasiyopitia kwa ofisa wake hayatatambuliwa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikatia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar, na ukingo wa mashariki wa ziwa, pamoja na Burundi, ukahesabiwa upande wa Wajerumani. Mwezi Gisabo hakuulizwa. Watu wa Rumonge hawakuulizwa. Rumaliza naye hakuulizwa, ingawa kwa maoni yake yeye ndiye aliyekuwa bwana wa maji yale. Unyang'anyi wa kikoloni ulifanywa hivyo, kwa kalamu kwanza, na bunduki ikafuata kuthibitisha kilichoandikwa.

Mwenzake Tippu Tip alikuwa ameuhisi upepo mapema. Februari 1887, huko Unguja, alikubali mkataba na Stanley akawa liwali wa Leopold katika Maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya leo. Lakini mkataba waweza pia kumgeukia aliyeutia saini. Mwishoni mwa 1889 Stanley alifungua shauri Unguja akidai kwamba Tippu Tip hakutimiza ahadi ya wapagazi kwa msafara wa kumwokoa Emin Pasha, na fedha za Tippu Tip zilizokuwa kwa Taria Topan zikazuiwa. Mzee ikambidi aiache Manyema mwaka 1890, asafiri kwa miguu na machela hadi pwani, augue Tabora njiani, awasili Julai 1891, ili kujibu dai ambalo mwishowe Stanley mwenyewe hakuliendeleza. Zaidi ya mwaka mmoja wa safari kwa ajili ya shauri ambalo halikufika hukumu! Na hakurudi tena bara.

Rumaliza alibaki peke yake ziwani. Kadinali Lavigerie alikuwa ameanza mwaka 1888 kampeni yake Ulaya dhidi ya biashara ya watumwa, na ng'ambo ya ziwa Kapteni Joubert, kisha Kapteni Jacques, waliweka vituo vyenye silaha. Watu wa Rumaliza walikizingira kituo cha Albertville, Kalemie ya sasa, mwaka 1892, wasikiteke. Mwaka huo huo vita kati ya Dola ya Kongo na Waarabu wa Manyema vikawaka. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata, chini ya majeshi ya Dhanis. Rumaliza alivuka ziwa na jeshi kubwa kwenda kuokoa kilichosalia, na kwa miezi kadhaa alijenga boma baada ya boma, imara kwa kadiri ambayo maadui zake wenyewe walilazimika kuomba msaada wa mizinga. Kamanda Ponthier wa upande wa Dola aliuawa. Sefu, mwana wa Tippu Tip, naye akafa mwishoni mwa mwaka. Januari 1894 kombora lilianguka ndani ya boma la Rumaliza, mapaa ya nyasi yakashika moto, baruti ikalipuka. Kabambare ikatekwa siku chache baadaye. Bwana wa Tanganyika akakimbilia upande wa Wajerumani na watu wachache.

Mali ya miaka zaidi ya kumi iliondoka katika mwezi mmoja. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, kisha Usumbura kabla ya karne kwisha, hawakumlipa mtu yeyote kwa maboma yaliyotangulia. Sheria yao ya ardhi ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe aliyethibitishwa ni ya serikali ya Kaizari. Mzigo wa kuthibitisha ukawa juu ya adaiye kuwa ni yake. Mashahidi wa Rumaliza mwambaoni wangekuwa akina nani? Wale waliokimbilia milimani?

Hapo ndipo mtu huyu alipobadili silaha. Alipofika pwani aliukumbuka ushirika wa miaka ya 1880. Tippu Tip, ingawa alipoteza Manyema, alikuwa bado tajiri. Kufikia mwaka 1895 alihesabiwa kuwa na mashamba saba, na nyumba yake ya Shangani, Unguja, ingali imesimama hata leo. Alikuwa pia na mali zisizohamishika bara, katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Rumaliza akamshitaki kwa Wajerumani, akidai fungu lake la mshirika.

Shauri la namna hiyo si jambo la asubuhi moja. Yapasa kwanza ithibitike kwamba ushirika ulikuwako, na ulihusu mali ipi. Kisha yahesabiwe madeni, maana mshirika hugawana faida baada ya wadai kulipwa. Mashahidi wametawanyika, wengine wamekufa vitani. Vitabu vya hesabu vimeungua na maboma. Nyumba ipi ilinunuliwa kwa fedha ya ushirika, na ipi kwa fedha ya mtu binafsi? Mdai akaa Unguja chini ya Waingereza, mdaiwa kadhalika, na kinachogombaniwa kipo ng'ambo chini ya sheria nyingine na lugha nyingine. Wakili alipwe, mkalimani alipwe, nauli ya jahazi ilipwe. Watu wawili waliokuwa wakiamrisha maelfu ya bunduki wakawa wanangoja kuitwa majina yao. Mwisho wa yote Rumaliza alishinda, na mali ya Tippu Tip iliyokuwa upande wa Wajerumani ikaangukia mikononi mwake. Tippu Tip alifariki Unguja tarehe 14 Juni 1905, kwa malaria, urafiki wa ziwani ukiwa umekwisha vunjika.

Twaweza kumchukia Rumaliza kwa aliyowatenda wazee wetu, na haki hiyo tunayo. Lakini jambo lenyewe ni la kutazamwa kwa makini: kitu pekee alichopata kukishika uzeeni hakikutoka katika maboma yake ya Uzige, Rumonge wala Kabambare. Kilitoka katika mapatano na mtu mmoja, yaliyoweza kuthibitishwa mbele ya hakimu, na katika miaka ya kusubiri.

Kwa kuwa ukurasa huu wasomwa na watu wa zamu na doria, wenye muda mchache wa kuzunguka ofisini, si vibaya tukaongeza machache juu ya leo. Sheria ya ardhi ya Burundi ya tarehe 9 Agosti 2011 inatambua hati miliki itolewayo na Msajili wa Hati za Ardhi, na inatambua pia cheti cha ardhi kitolewacho katika komini baada ya mipaka kukaguliwa hadharani, majirani wakiwapo. Karatasi ya mkono iliyotiwa saini baa, hata ikiwa na mashahidi watano, si mojawapo ya hizo mbili. Sheria ya maji ya mwaka 2012 nayo imeweka ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika ambao haujengwi, na maji yaliyopanda katika miaka ya hivi karibuni yamezifikia nyumba Rumonge bila kuuliza cheo cha mwenyewe. Kiwanja cha ufukweni chenye bei ya kushangaza huwa na sababu yake.

Rumonge ina jambo lake jingine, zito kuliko haya. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia kutoka mwambao huu, wakakaa Tanzania miaka mingi, na michikichi yao ikagawiwa wengine au ikaingizwa katika miradi ya serikali. Waliporudi waliwakuta juu ya ardhi ile watu waliozaa na kuzeeka hapo. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kwa ajili ya magomvi hayo, nayo ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Kwa hiyo askari anayenunua shamba la michikichi Rumonge hana budi kujua lilikuwa la nani kabla ya mwuzaji, na la nani kabla ya huyo. Mchikichi wenyewe wahitaji miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Uchunguzi wa wiki tatu, kwa bashingantahe, kwa majirani na komini, si muda mrefu ukilinganishwa na mti. Na sare isivaliwe siku ya kwenda kuuliza. Jirani aliyeogopa sare leo hatakuwa shahidi kesho.

Rumaliza mwenyewe aliendelea kuishi Unguja, mtu wa dini sasa, mfuasi wa tarika ya Kadiria. Mnamo 1908 barua iliyosemekana kutoka Maka ilienea katika pwani ya Wajerumani, hasa Lindi alikozaliwa, ikiwaonya Waislamu juu ya siku za mwisho. Wajerumani waliamini kwamba mkono wake ulikuwamo. Lakini yeye alikuwa ng'ambo ya maji, chini ya Waingereza, wasiweze kumfikia. Mwaka huo huo wa 1908 Mwezi Gisabo, ambaye majeshi yake yalimrudisha Rumaliza ukingoni mwa ziwa, alifariki katika nchi yake.